Mapingamizi Manne Mabovu na Moja Zuri

Mimi ni Mprotestanti. Sisali rozari, sina sanamu ya Bikira Maria nyumbani, na siwaombi watakatifu waliotangulia waniombee. Nalisema hili mapema kwa sababu najua baadhi yenu mtafika aya ya tatu mkinong'ona, "Huyu ni Mkatoliki aliyejificha." Sivyo. Naandika nikiwa upande wangu, na ninaowasema leo ni watu wangu.

Lalamiko langu ni hili. Sisi Waprotestanti wa Afrika Mashariki tuna pingamizi moja zito dhidi ya heshima ambayo Wakatoliki humpa Mariamu, pingamizi ambalo hata wanateolojia wao limewanyima usingizi. Lakini hatulitumii. Tumelifukia chini ya mapingamizi manne mabovu, yale yanayopigiwa kelele kwenye mikutano ya injili, kwenye vijitabu vya stendi na kwenye magrupu ya WhatsApp. Nayaita mabovu kwa sababu ni ya watu wasiosoma maneno yaliyo mbele yao. Na kwa kuwa ninyi mnaonisoma ni watu wa vitabu, nitayapima kwa kipimo tunachotumia kwa riwaya na mashairi: neno limesema nini, nani kalisema, anamwambia nani, na kabla yake nani alishasema.

La kwanza: "Wanamwabudu"

Tuanze na kitenzi. Kiswahili kina kuomba, halafu kina kuombea. Ukimwomba jirani chumvi hujamwabudu. Ukisimama kanisani Jumapili ukasema, "Wapendwa, naomba mniombee, mwanangu anafanya mtihani," hakuna mzee wa kanisa atakayekutoa nje. Ile kauli ya kutendea tuliyofundishwa darasani, kale ka-e katikati ya neno, kanabeba watu watatu kwa mpigo: anayeomba, anayeombewa, na yule aliye mbele zaidi ambaye ombi linamwendea.

Sasa chukua Salamu Maria, sala ambayo Mkatoliki huirudia mara 53 katika rozari ya kawaida. Nusu ya kwanza imetoka sura ya kwanza ya Luka: salamu ya malaika, kisha salamu ya Elisabeti. Nusu ya pili inamwomba Mariamu jambo moja, kwamba atuombee. Ka-e kale kapo. Hebu niambie, mungu gani huombwa akuombee? Akuombee kwa nani? Ombi lenyewe linakiri kwamba yupo aliye juu ya huyu anayeombwa.

Wao wenyewe walishalipanga hili kwa maneno zamani. Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787, ulitenga latreia, yaani ibada ya Mungu peke yake, na heshima inayotolewa kwa watakatifu na picha zao. Thomas Aquinas katika karne ya 13 akaieleza vizuri zaidi. Na miaka kama mia nne kabla ya Nisea hiyo, Askofu Epifanio wa Salamis aliwashambulia kwa maandishi wanawake waliosemekana kumtolea Mariamu mikate kama sadaka. Msimamo wake: aheshimiwe, asiabudiwe. Kwa hiyo onyo tunalolitoa kwa mbwembwe kama uvumbuzi wetu lilitolewa na Kanisa la kale zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Luther kuzaliwa.

Mtu atasema, "Hayo ni ya vitabuni. Nenda Subukia, nenda Nyakijoga, uone watu wanavyopiga magoti." Sawa, twende Nyakijoga. Kituo hicho cha hija kiko Jimbo la Bukoba, na Bukoba ni mahali ambapo msichana aliyelelewa vizuri humpigia mkubwa wake magoti anapomsalimia. Buganda hivyo hivyo. Usukumani hivyo hivyo. Kama goti ni ibada, basi tumekuwa tukiabudu wajomba na mashangazi tangu utotoni, na Walokole wa Bukoba wana kazi kubwa ya kutubu.

Sisemi hakuna Mkatoliki anayevuka mstari. Wapo. Kama walivyo wa kwetu wanaopaka mafuta ya upako mlangoni na kubandika picha ya nabii kwenye kioo cha gari ili ajali isiwapate. Kasoro ya muumini haiwi fundisho la kanisa lake, na kama ni kasoro tunazozihesabu, sisi tusianze kuhesabu.

La pili: "Mungu hana mama"

Hili hunisikitisha kuliko yote, maana Waswahili tulipaswa kuwa wa kwanza duniani kulielewa. Kwetu mwanamke akishajifungua, jina lake hubadilika. Huyu ni Mama Asha, yule ni Mama Juma. Ukimwita jirani Mama Asha hukusema kwamba alikuwepo kabla ya kila kitu kinachomhusu Asha, wala kwamba roho ya Asha aliiumba yeye. Umesema mtoto aliyetoka tumboni mwake ndiye Asha mwenyewe. Jina la mama linatoa habari za mtoto.

Ndivyo ilivyokuwa Efeso mwaka 431. Nestorio, Askofu Mkuu wa Konstantinopoli, hakulipenda neno la Kigiriki Theotokos, yaani aliyemzaa Mungu. Alipendelea aitwe aliyemzaa Kristo. Kirili wa Aleksandria, Mwafrika wa Misri, akamshika hapo hapo: kama aliyezaliwa na Mariamu si Mungu mwenyewe aliyefanyika mtu, basi una Kristo wawili, mmoja wa mbinguni na mmoja wa Bethlehemu waliofungwa kamba pamoja. Siasa na ubabe vilikuwepo tele katika mtaguso ule, na Kirili hakuwa malaika. Lakini swali lilikuwa juu ya mtoto. Jibu lilikuwa kwamba mtoto ni mmoja.

Kwa hiyo Mprotestanti anaposimama jukwaani akapaza sauti kwamba Mungu hana mama, anadhani anampiga Papa, kumbe ngumi imempata Yesu. Na si mimi ninayesema. Kanuni ya Makubaliano ya mwaka 1577, moja ya maungamo rasmi ya Walutheri, inakiri waziwazi kwamba Mariamu ni mama wa Mungu kweli. Mlutheri anayelidhihaki jina hilo analidhihaki ungamo la kanisa lake.

Mpenda fasihi ataniruhusu nikumbushe jambo moja dogo. Katika Injili yote ya Yohana, jina la mwanamke huyu halitajwi hata mara moja. Yohana anamwita mama yake Yesu, basi. Huko Kana ni mama yake Yesu, msalabani ni mama yake Yesu. Anamwita kama jirani wa mtaani angemwita: Mama Yesu. Tunaoishi kwenye lugha hii tukashindwa kulisikia hilo, tatizo ni letu.

La tatu: "Mbona alikuwa na watoto wengine?"

Hoja hii hutolewa kama mtu anayeangusha karata ya mwisho. Marko 6:3 anawataja ndugu za Yesu, Yakobo na Yose na Yuda na Simoni, na maumbu wake pia. Imekwisha, mikono mifukoni.

Haijaisha. Kwanza, neno ndugu. Anayelitumia kama rungu huyo huyo amemtambulisha binamu yake kuwa ndugu yangu asubuhi, mchana akamwita mtu wa kijijini kwao ndugu, na jioni kondakta akamwambia ndugu sogea kidogo. Yaani lugha yetu peke yake ingetosha kutufanya tusite. Lakini nitende haki: upana wa ndugu wa Kiswahili hauthibitishi upana wa adelphos wa Kigiriki, na Kigiriki kilikuwa na neno lake la binamu. Kwa hiyo swali ni la kweli, na limejadiliwa kwa miaka zaidi ya elfu moja na mia sita. Helvidio alisema ni watoto wa Mariamu. Epifanio alisema ni watoto wa Yosefu kwa mke wa kwanza. Jeromu, mwaka 383, alimjibu Helvidio kwamba ni binamu. Wakatoliki huuliza kwa nini Yesu msalabani amkabidhi mama yake kwa mwanafunzi kama alikuwa na wana wengine. Mtu wa upande wetu anaweza kujibu kwamba Yohana mwenyewe, sura ya 7, anasema ndugu zake walikuwa bado hawajamwamini. Hoja zinapishana, na mimi binafsi naona ya Helvidio ina uzito.

Ila wanaorusha karata hiyo hawajui wanamrushia nani. Luther aliamini Mariamu alibaki bikira maisha yake yote. Zwingli aliamini. Ungamo la Pili la Uswisi la mwaka 1566, lililoandikwa na Bullinger kwa ajili ya makanisa ya Kireformati, linamwita bikira daima. John Wesley, baba wa Wamethodisti, aliliandika hilo katika barua yake ya wazi kwa Mkatoliki ya mwaka 1749. Kama imani hiyo ni dalili ya kutosoma Biblia, basi waliotuletea Biblia hawakuisoma.

La nne: "Ni uzushi wa Roma"

Maabara ya kwanza ya kulipima dai hili iko Manchester, Uingereza, katika maktaba ya John Rylands. Pale pana kipande cha mafunjo kutoka Misri chenye sala fupi ya Kigiriki inayomwomba mama wa Mungu hifadhi. Wataalamu wanabishana juu ya umri wake, wengine wakikipeleka karne ya tatu na wengine wakikivuta mbele karne kadhaa. Lakini lugha ni Kigiriki na ardhi ni ya Afrika. Roma haimo. Wakopti, Waethiopia na Waorthodoksi, ambao hawako chini ya Papa, wanamwimbia Mariamu mpaka leo. Uzushi wa Roma uliwafikiaje watu wasiomtii Papa?

Halafu kuna Luther mwenyewe. Mwaka 1521, mwaka ule ule aliotengwa na Papa na kusimama mbele ya mfalme mkuu huko Worms, alikuwa anaandika ufafanuzi wa wimbo wa Mariamu, ule ulioko Luka 1:46-55. Sehemu aliimalizia mafichoni Wartburg. Mwaka uliofuata kijitabu chake cha sala kiliifafanua Salamu Maria badala ya kuifuta. Alitaka isomwe kama kumsifu Mungu kwa neema aliyompa Mariamu.

Na kuna kisa chake cha mwaka 1530 ambacho kila mtafsiri anapaswa kukijua. Walimshambulia kwa sababu alikataa kutafsiri salamu ya malaika kwa kusema Mariamu amejaa neema, kama ilivyokuwa katika Kilatini. Neno la Kigiriki ni kecharitomene, na mabishano yake tunayo hata sisi: Mkatoliki anasema Mariamu amejaa neema, Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 inasema amepewa neema. Luther alijibu kwamba Mjerumani akisikia habari za kujaa atafikiria pipa la bia au mfuko wa fedha. Malaika, alisema, alizungumza kama mtu anavyomsalimu mpendwa wake. Kama angejiachia kabisa, angeandika neno la upendo tu, kama tunavyosema Mariamu mpenzi. Angalia hapo. Mwanamageuzi mkubwa kuliko wote anagombana na Wakatoliki juu ya Mariamu, na ugomvi wake ni kwamba tafsiri yao haina upendo wa kutosha.

Hapa kwetu pia historia inacheka. Waanglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu, waliojenga kanisa kuu la Mkunazini, Zanzibar, mahali palipokuwa soko la watumwa, walikuwa Waprotestanti kwa hesabu za serikali. Lakini walikuja na uvumba na heshima kwa Mariamu, na urithi huo upo katika dayosisi zao mpaka leo. Anayedhani mpaka kati ya Mariamu na Uprotestanti umechorwa kwa rula hajafika Masasi.

Kwa nini nasumbuka

Mtu anaweza kuniuliza, kwani hayo mabovu yanamdhuru nani? Si maneno tu ya mkutanoni?

Nenda msibani. Familia zetu zimechanganyika: bibi Mkatoliki, mwana Mlutheri, mjukuu Mlokole, mkwe Mwislamu. Bibi amefariki. Jioni jumuiya yake inakuja na rozari, wale wamama aliokuwa akisali nao miaka arobaini. Wanapoanza, wajukuu waliookoka wanainuka mmoja mmoja kwenye mkeka, wanatoka nje, wanasimama chini ya mwembe wakichezea simu hadi sala iishe. Mwislamu kabaki ameketi, kwa adabu yake. Waliotoka wameshafundishwa kwamba ndani kunaabudiwa sanamu. Wanachoiambia ile nyumba, kwa migongo yao, ni kwamba mama yenu amekufa mpagani.

Hilo ni neno zito mno kulisema kwa kiambishi ambacho hukukisoma. Ukitaka kumhukumu marehemu mbele ya watoto wake, uwe na hoja. Na hizi nne hazitoshi hata kukuinua kwenye mkeka.

Na hili ndilo zuri

Mwaka 1531 Philip Melanchthon aliandika Utetezi wa Ungamo la Augsburg, kitabu kilichomo katika maungamo ya Walutheri. Anaanza kwa kukubali mengi kuliko mhubiri wetu yeyote wa leo: kwamba Mariamu anastahili heshima kubwa, na kwamba yawezekana analiombea Kanisa. Kisha anaweka kidole palipo na donda. Watu, anasema, wameufanya moyo wao umtegemee yeye, wakamgeuza Kristo kuwa hakimu wa kutisha ambaye lazima atulizwe kupitia mama yake.

Hilo ndilo pingamizi. Linamhusu Mwana kuliko mama: heshima hii, inapokwenda ovyo, inamfanya Yesu kuwa mbali.

Na si jambo la kubuni. Mtakatifu Alfonsi wa Liguori, mwalimu wa Kanisa Katoliki, katika kitabu chake cha mwaka 1750 juu ya utukufu wa Maria, anasimulia maono ya ngazi mbili. Moja nyekundu, Kristo yuko juu yake, na wanaoipanda wanaanguka. Nyingine nyeupe, Mariamu yuko juu yake, na wanaoipanda wanapokelewa. Soma tena hapo, wewe msomaji wa hadithi. Katika hadithi hiyo Yesu ni nani? Ni yule ambaye watu wanaanguka wakimwendea. Yule yule ambaye Injili zinamwonyesha akila na watoza ushuru, akiguswa na mwanamke aliyevuja damu miaka 12, akiwaita watoto wakati wanafunzi wanawafukuza.

Huku kwetu ngazi hiyo ina jina la kienyeji. Makatekista wengine huieleza hivi: ukitaka kitu kwa baba, pitia kwa mama, ukitaka kuoa, tuma mshenga. Mfano unanoga masikioni mwa Mswahili, na ndiyo maana ni hatari. Mshenga anatumwa kwa wakwe, kwa watu wa mbali, ambao hatujawa ndugu nao bado. Baba anayefikiwa kupitia mama ni baba ambaye watoto wanamwogopa. Mfano wenyewe ushasema Mungu ni wa namna gani kabla Mariamu hajatajwa. Mwana mpotevu wa Luka 15 hakutuma mtu. Alirudi mwenyewe, ananuka nguruwe, na baba akamkimbilia akiwa bado mbali.

Ongeza na hili, ambalo Mzungu hulipuuza: wengi wetu ni kizazi cha tatu au cha nne tangu babu aache matambiko. Tulifundishwa kwamba tuliowazika hatuwasemeshi tena, wala hatuwatumi kwa Mungu. Mkatoliki atanijibu kwamba watakatifu ni hai katika Kristo, na kwamba kumwomba mtu akuombee si kupiga ramli. Nimemsikia, na jibu lake lina heshima. Lakini sioni katika Agano Jipya mtume hata mmoja akimwagiza muumini aseme na aliyelala, na Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 lilisema hivyo hivyo: tuwakumbuke watakatifu, tuige imani yao, ila Maandiko hayafundishi kuwaita. Hapo ndipo ninaposimama.

Uzuri wa pingamizi hili ni kwamba Wakatoliki wenyewe wanalisikia. Tarehe 29 Oktoba 1963, maaskofu wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano walipiga kura: Mariamu apewe hati yake peke yake, au aandikwe ndani ya hati ya Kanisa? Walioshinda walikuwa 1,114 kwa 1,074. Kura 40 zilimweka ndani ya Kanisa, miongoni mwa waumini, badala ya kumpa hati ya pembeni, na hati iliyotoka mwaka 1964 ikawaonya wahubiri wasitie chumvi. Novemba 2025 ofisi ya Vatikano inayosimamia mafundisho ya imani ilitoa waraka ukisema jina la mkombozi-mwenza halifai kutumika kwa Mariamu, kwa sababu linaweza kuififisha kazi ya Kristo peke yake. Mlutheri wa mwaka 1531 angeusoma waraka huo akatikisa kichwa kukubali. Nani aliufanya mjadala ufike huko? Hakuwa mhubiri wa stendi. Ni watu wa pande zote mbili waliosoma.

Bado yako magumu. Mafundisho ya mwaka 1854 na 1950, la kukingiwa dhambi ya asili na la kupalizwa mbinguni, Mkatoliki anadaiwa kuyaamini, na mimi siyaoni kwenye Maandiko kwa kiwango cha kumfunga mtu dhamiri. Tutabaki tunatofautiana. Lakini tutakuwa tunatofautiana juu ya kitu kilichopo.

Gharama yetu

Kuna hasara nyingine, na hii ni yetu peke yetu. Kwa kuogopa kufanana na Wakatoliki tumemnyamazisha Mariamu. Makanisa mengi ya kwetu humtoa kabatini Desemba kama kitenge cha sikukuu: binti amejifunika shuka la bluu, ameinamisha kichwa, hana mstari hata mmoja wa kusema kwenye igizo la watoto. Januari anarudishwa. Mwislamu wa Tanga anaye Mariamu kwa jina la sura nzima, ya 19, na katika Kurani yote hakuna mwanamke mwingine aliyetajwa kwa jina. Mprotestanti wa Tanga ana nini?

Ana wimbo, kama angeufungua. Katika Agano Jipya hakuna mwanamke mwingine aliyepewa maneno mengi kwa mfululizo kama yale ya Luka 1. Umejengwa juu ya wimbo wa Hana, 1 Samweli 2, kama mtunzi mzuri anavyojenga juu ya mtunzi aliyemtangulia. Na haumhusu binti aliyeinamisha kichwa. Unamhusu Mungu anayewashusha wakubwa vitini, anayewashibisha wenye njaa na kuwaacha matajiri waende mikono mitupu. Luther alipoufafanua mwaka 1521, kazi yake aliiandikia kijana wa ukoo wa watawala wa Saxony, ili ajifunze kutawala. Waanglikana waliuweka katika ibada ya kila jioni.

Sasa jiulize ni wahubiri gani hapa kwetu wana kelele zaidi dhidi ya Mariamu. Mara nyingi ni wale wale wanaofundisha kwamba utajiri ni dalili ya kibali cha Mungu. Mimi sishangai hata kidogo. Ningekuwa nahubiri sadaka ya mbegu ili mtu apate gari, na mimi nisingetaka huyu mama afungue kinywa.

Kwa hiyo ombi langu kwa watu wangu ni dogo. Yale manne tuyaache yafe. Lile moja tulishike, tulijue vizuri, na tuliseme kwa Mkatoliki ana kwa ana, si kwa spika. Msibani tubaki kwenye mkeka. Hakuna anayekulazimisha kuitikia. Kukaa kimya pembeni ya wafiwa hakujawahi kuwa ibada ya sanamu. Na kama mama mmoja wa jumuiya atakuuliza baadaye, akikumiminia chai, kwa nini hukushika rozari, mjibu: "Mama, namheshimu sana mama yake Yesu. Ila kwa Yesu nakwenda mwenyewe, kwa kuwa ndivyo alivyoniita." Huenda akakubishia. Huenda akakuambia hata yeye anakwenda hivyo hivyo, ila hapendi kwenda peke yake. Hapo sasa mtakuwa na la kuzungumza, na chai ipo.